Nusu Saa kwa Dawati la Lulu

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Katika darasa lako yupo mmoja anayekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, juu ya kitu ambacho si kiti: tofali, dumu, ndoo iliyopinduliwa. Kila asubuhi unampita ukienda kwenye nafasi yako, na kila asubuhi macho yako yanapata kazi nyingine. Yanatazama ubao. Yanatazama viatu vyako. Yanatazama nje, kana kwamba huko nje kuna jambo. Si kwamba una roho mbaya. Ukiulizwa, utasema unamhurumia sana. Basi soma habari za msichana aliyekuwa na huruma kukuzidi, uone huruma hiyo ilimfikisha wapi.

Jina lake Mwamvita Badru, miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Kwao ni Keko, kule Temeke ambako watu huamshwa na sauti ya randa. Kila siku kabla ya kuvaa sare, Mwamvita alifagia maranda ya mbao mbele ya karakana ya useremala ya baba yake, Fundi Badru, akayajaza kwenye kiroba, kisha akavuka barabara kununua maandazi kwa mama ntilie wa mafundi. Mama huyo aliitwa Rosalia, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Lulu.

"Shikamoo, Mama Lulu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeamka au umeamshwa?"

"Nimeamka."

"Mwongo! Nimemsikia baba yako akikuita mara tatu."

Pembeni mwa barabara vitanda, makabati na makochi yalisimama yakisubiri malori ya Dodoma na Mbeya. Mafundi wa Keko hupenda kujisifu kwamba nusu ya nchi inalala juu ya kazi ya mikono yao. Huenda ni kweli. Lakini nyuma ya karakana hizo hizo, hatua mia mbili tu, ilikuwepo shule ambako watoto wa mafundi hao walibanana wanne kwenye dawati moja, na wadogo zao wakakaa sakafuni. Liweke hilo kichwani. Ongeza na hili: miaka minne kabla ya habari hizi, alikuja mkubwa mmoja akaahidi madawati mia. Lilikuja moja. Likapigwa picha, likarudi lilikotoka. Mwaka uliofuata wazazi walikutana, na kila fundi akanyoosha mkono kwamba atatengeneza dawati moja, moja tu. Mikono thelathini na mmoja ilihesabiwa. Madawati yaliyofika hayakuhitaji kuhesabiwa, maana halikufika hata moja.

Aliyekuwa akikaa kwenye ndoo katika darasa la Mwamvita ni Lulu Kasimiri, binti wa huyo huyo mama ntilie. Mwaka uliotangulia bodaboda ilimgonga, na tangu siku ile goti lake la kulia lilikataa kukunja. Dawati la shule limeungana na benchi lake, kwa hiyo mguu usiokunja hauna pa kwenda. Lulu alipindua ndoo, akanyoosha mguu kuelekea mlangoni, akaandikia mapajani. Mwaka mzima. Wenzake waliuruka mguu ule wakiingia, wakauruka wakitoka.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, mstarini, Mwalimu Anna alisimama mbele ya wanafunzi. Uso wake haukuwa wa utani.

"Mama yake Lulu alikuja ofisini Ijumaa," alisema. "Mtoto anarudi nyumbani mgongo unauma, mguu umevimba. Amesema anatupa wiki mbili. Jumatatu ya wiki ya tatu, kama Lulu hana pa kukaa, hatamleta tena shuleni. Na mtihani wa kumaliza ni mwezi ujao."

Lulu alikuwa ameegemea ukuta, anatazama chini. Mwamvita alihisi kitu kikimpanda kifuani, cha moto, kizuri. Mkono ukanyooka wenyewe.

"Mwalimu, mie nitamtengenezea dawati! La peke yake, lenye nafasi ya mguu!"

Shule nzima ilipiga makofi. Mwalimu Anna alitabasamu hadi akafuta macho. Lulu aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mwamvita alirudi darasani akiwa mwepesi kama aliyeshamaliza kazi. Na alikuwa anamaanisha kila neno. Hilo ndilo lililomponza. Makofi yale yalimlipa kabla hajashika hata kipande cha mbao.

Jioni alimweleza baba yake. Fundi Badru aliweka randa chini, akamtazama usoni.

"Umeahidi wewe au umeniahidia mie?"

"Mimi, baba."

"Haya. Mie nitakata na kuunga, kwa sababu hiyo huiwezi. Msasa na vanishi ni vyako. Sitagusa."

Kufika Alhamisi dawati lilikuwa limesimama: mbao ya mninga iliyobaki kwenye kabati la mteja, meza pana kidogo iliyoungana na kiti, upande wa kulia wazi kabisa ili mguu upite. Lilikuwa zuri, ila ngozi yake ilikuwa bado ya porini, imejaa nywelenywele za mbao. Baba yake alimwita.

"Sikiliza. Una siku kumi. Nusu saa kila siku ukitoka shule, si zaidi. Siku sita za msasa, unaanza na ule mkali, unamalizia na ule laini. Halafu siku nne za vanishi, mikono minne. Mkono mmoja kwa siku." Mafundi huita hivyo kila mara brashi inapopita juu ya mbao yote. "Mkono uwe mwembamba kama jasho. Ukauke siku nzima ndipo upige mwingine. Ukiimimina nene, juu itakauka na chini itabaki mbichi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba. Nusu saa tu? Mbona kidogo!"

"Kidogo, eeh. Tutaona."

Siku ile ya kwanza Mwamvita alisugua mguu mmoja wa dawati. Vumbi lilimwingia puani, vidole vikawaka moto. Hakuna aliyepiga makofi. Siku ya pili, Ijumaa, mtaani kulikuwa na shughuli ya muziki wa singeli, akasema: kesho nitafanya nusu saa mbili. Kesho yake aliangalia tamthilia kwa jirani, akasema: Jumapili nitafanya nusu saa tatu. Jumapili alichora kwenye daftari jinsi dawati litakavyokuwa, na jina LULU limenakshiwa kwa mbele. Alichora vizuri sana. Kuchora kulimchukua saa mbili.

Na kila siku darasani Lulu aliuliza kwa sauti ndogo, "Limefikia wapi?"

"Msasa wa pili," alijibu Mwamvita Jumatatu.

"Tunakaribia vanishi," alijibu Jumatano.

Uongo ule haukumuuma sana, maana alijiambia si uongo, ni ukweli uliochelewa kidogo. Alhamisi Lulu alitoa kwenye begi kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa mto mdogo wa kukalia, wa khanga kuukuu ya mama yake, umeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo iliyonyooka.

"Nashona mistari miwili kila jioni, mama akiwa anaosha sufuria," alisema. "Zaidi ya hapo mgongo unakataa. Nimebakiza upande mmoja. Jumatatu utakuwa tayari." Akacheka. "Nimemwambia mama asihangaike kunitoa shule. Nimemwambia, Mwamvita akisema amesema."

Mwamvita aliutazama ule mto. Alitaka kusema kitu. Akasema, "Mzuri."

Unadhani alikimbilia nyumbani akashika msasa? Hapana. Alikimbia, ndiyo, akafika mbele ya dawati, akaona kazi ilivyorundikana, akaogopa hata kuligusa. Baba yake, aliyekuwa akimwangalia tu siku zote zile, sasa angemuuliza, lakini asubuhi ile alikuwa ameondoka kwenda Pugu kufunga milango ya nyumba mpya, na angelala huko hadi Jumanne. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Jumapili asubuhi Mwamvita aliamka, safari hii bila kuamshwa, akiwa na siku moja ya kufanya kazi ya siku kumi.

Akaupitisha msasa mkali juu juu, pale panapoonekana. Msasa laini hakuufungua. Kisha akafungua kopo la vanishi, hakuchanganya na thina ya kuipunguza uzito, akaimimina juu ya meza na kiti kama anayemwaga uji, akaisambaza kwa brashi. Ikatiririka pembeni, akaipangusa. Akalikokota dawati hadi juani na kukaa pembeni yake, jasho likimtoka.

Ilipofika alasiri lilikuwa linang'aa kama kioo. Deogratias, fundi wa karakana ya jirani, mtu wa kazi za vanishi miaka mingi, alisimama na kikombe chake cha chai.

"Mikono mingapi hiyo, binti Badru?"

"Minne, baba mdogo."

"Mh. Linang'aa mno. Mie mbao ikinichekea namna hiyo naishtukia." Akainama kutaka kuligusa.

"Usiguse, utaacha alama!" alisema Mwamvita haraka.

Deogratias alimtazama, akanywa chai yake, akaondoka.

Jumatatu dawati lilipelekwa shuleni kwa mkokoteni. Darasa zima lilishangilia. Mwalimu Anna alilizunguka, akasema hajawahi kuona dawati la shule linalong'aa hivyo. Lulu aliweka mto wake kwenye kiti, akaketi taratibu, mguu wake wa kulia ukapita upande ule wazi bila kumgusa mtu. Kwa mara ya kwanza tangu agongwe, alikaa mbele. Aliweka daftari mezani, mezani kabisa, akaweka kiwiko, akaandika tarehe. Akageuka kumtazama Mwamvita, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Kufika saa nne jua lilikuwa juu ya bati, darasa limekuwa tanuri. Mwamvita aliona Lulu akijaribu kugeuza ukurasa wa daftari. Haukugeuka. Akauvuta. Jalada likabaki mezani.

"Mwalimu," alisema Lulu, "daftari langu limeshika."

"Limeshika nini?"

"Limeshika meza."

Watu wakaanza kucheka. Kengele ya mapumziko ikagongwa. Lulu alishika fimbo yake ya kutembelea, akajiinua. Hakuinuka. Mto ulikuwa umenata kwenye kiti, na sketi, pale ilipozidi mto, nayo ilikuwa imenata. Alijaribu tena, uso umewaka, mguu ule mgumu haumpi nguvu ya kujisukuma.

"Jamani, kiti kimempenda!" alipaza sauti Suhaib, mcheshi wa darasa. "Kinamuoa!"

Darasa likalipuka. Mwamvita alikimbia, akamshika Lulu mkono, akavuta. Kitambaa kikachanika, sauti ndefu, iliyosikika hata juu ya kicheko. Sketi ilipasuka nyuma kutoka pindo hadi kiunoni. Mto ulibaki kwenye kiti, umepasuka tumbo, pamba nje, ile mishono midogo iliyonyooka imefumuka yote.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Anna alivua mtandio wake, akamfunga Lulu kiunoni. Lulu hakulia. Alimtazama Mwamvita tu, akauliza kwa sauti ile ile ndogo:

"Uliniambia msasa wa pili. Ulipiga msasa lini?"

Mwamvita aliinama, akaanza kukusanya pamba ya mto.

Jumanne ndoo ilikuwa pale nyuma, haina mtu. Jumatatu ya Mama Lulu ilikuwa imeshafika na kupita. Suhaib alisema, "Shikamoo, Fundi Gundi," na wachache wakacheka, lakini kilichomuuma Mwamvita si jina. Kilichomuuma ni kuwa ndoo ile tupu aliitazama siku nzima, na sasa macho yake yalikataa kabisa kupata kazi nyingine. Akitoka shule alizunguka nyuma ya karakana, akapita mtaroni kwenye tope, ili asipite mbele ya jiko la Mama Lulu.

Baba yake alirudi kutoka Pugu alasiri hiyo. Deogratias alikuwa ameshamweleza. Fundi Badru hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mkono wa kwanza ulipiga lini?"

"Jumapili."

"Wa pili?"

Mwamvita aliinama, akaanza kuokota maranda.

"Vaa viatu. Twende."

Walikwenda shuleni, akaomba ruhusa kwa Mwalimu Anna, akalibeba lile dawati kichwani. Hakuita mkokoteni. Hakupita njia ya nyuma. Alipita barabara kuu ya Keko, katikati ya makarakana, na Mwamvita nyuma yake ameshika mto uliopasuka. Unapaswa kujua kwamba kwa mafundi wa pale hakuna aibu inayoishinda kazi kurudishwa. Randa zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Badru karudishiwa mzigo!" alisema mtu. "Badru? Miaka ishirini sijaona!"

"Leo umeona," alijibu Fundi Badru, akaendelea kutembea.

Safu ile ya makarakana ina desturi yake: kazi iliyorudishwa haifichwi nyuma. Inawekwa mbele, barabarani, inakaa hapo hapo hadi itengenezwe, na kila apitaye anaiona. Fundi Badru aliliweka dawati mbele, kati ya kabati jipya na kitanda kipya. Vumbi na maranda yakaanza kunata juu yake. Mwamvita alitamani ardhi impokee.

"Sasa vuka barabara," baba yake alisema. "Huko siwezi kukubebea."

Mama Lulu alikuwa anakoroga maharage. Ndani ya kibanda, Lulu alikaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, sketi iliyochanika mapajani, sindano mkononi.

"Shikamoo, Mama Lulu."

Mwiko ulizunguka sufuria mara tatu. "Marahaba."

"Mama, naomba msamaha. Naapa nitalitengeneza upya, tena zuri kuliko la kwanza, nitaweka na droo, nitamshonea Lulu na mto mwingine, na kila siku nita..."

"Ishia hapo." Mama Lulu aliinua mwiko. "Viapo nimeshiba, mwanangu. Huyu mtoto nilitaka kumpumzisha mapema. Akanizuia wiki mbili kwa neno lako, mguu unavimba, anasema mama subiri, Mwamvita kasema. Sasa sitaki useme. Kesho saa kumi jioni mie nitakuwa hapa na sufuria zangu. Nitatazama ng'ambo nione kama upo. Keshokutwa nitatazama tena. Mdomo uupumzishe."

Lulu hakuinua uso.

Kesho yake saa kumi jioni Mwamvita alikuwepo. Baba yake alimpa thina, kitambaa na kipande cha msumeno mbovu cha kukwangulia. Vanishi ile ilitoka kwa shida, utando kwa utando, nyeusi, imechanganyika na nyuzi za khanga na karatasi ya daftari la Lulu. Kila uzi alioutoa aliujua umetoka wapi. Nusu saa ilipokwisha, alikuwa amesafisha eneo la ukubwa wa sinia.

"Baba, niendelee?"

"Hapana. Kesho."

"Lakini naweza kumaliza leo!"

"Wewe ndiwe wa kumaliza leo. Tumeshaona. Kesho."

Siku ya pili alirudi. Siku ya tatu pia, na kila alipomaliza alivuka barabara, akamwachia Mama Lulu karatasi aliyonakili masomo ya siku hiyo, bila maneno zaidi ya shikamoo. Suhaib alipita akasema, "Fundi Gundi, bado tu?" Mwamvita akajibu, "Bado," akaendelea kukwangua, na Suhaib akakosa la kuongeza. Siku ya tano rafiki zake walimwita kwenye shughuli mtaa wa pili. Muziki ulisikika hadi karakanani. Kichwani mwake ile sauti ikaja, tamu kama zamani: kesho utafanya nusu saa mbili. Aliitambua. Aliijua hadi harufu yake. Alikaa chini, akachukua kipande cha msumeno. Ng'ambo, Mama Lulu alikuwa anamtazama.

Siku ya saba, siku ya kwanza ya msasa, kivuli kilisimama juu yake. Lulu alikuwa amevuka barabara na fimbo yake. Alikuwa amevaa sketi yake, mshono mrefu nyuma, mishono midogo iliyonyooka.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Usidhani imeisha."

"Sidhani."

Lulu alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha mguu. "Lete huo msasa. Upande huu unasugua kinyume na mbao."

Walisugua pamoja hadi nusu saa ikaisha. Siku ya kumi na moja walipiga mkono wa kwanza wa vanishi, mwembamba kiasi kwamba Mwamvita alidhani haujaingia. Wakaacha. Siku iliyofuata wa pili. Deogratias alikuja na chai yake, na safari hii aliachwa aguse. Alipitisha mgongo wa kiganja juu ya meza, polepole.

"Hii haing'ai sana," alisema.

"Haing'ai," alikubali Mwamvita kwa hofu.

"Ndiyo nzuri."

Wakati huo Fundi Badru alikuwa na jambo lake. Jumamosi ile alikwenda shuleni, akarudi na dawati bovu lililotupwa nyuma ya vyoo, akalitengeneza kabla ya kugusa kazi ya mteja. Mwamvita alimuuliza ni la nani.

Baba yake alichukua msumari. "Kwenye ule mkutano wa wazazi," alisema, "mie ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza. Nilipigiwa makofi." Akagonga msumari. "Nimekukasirikia sana, mwanangu, na nusu ya hasira si yako."

Mkono wa nne ulikauka siku tisa kabla ya mtihani. Dawati lilirudi shuleni kwa mkokoteni, Mama Lulu kaacha jiko lake ashuhudie mwenyewe. Kabla Lulu hajakaa, mama yake alikaa yeye. Alikaa kimya dakika nzima mbele ya darasa, khanga yake juu ya kiti, viwiko juu ya meza. Kisha akasimama. Khanga haikushika. Hata Suhaib alishusha pumzi.

Lulu akaketi, akafungua daftari jipya, akageuza ukurasa. Uligeuka. Mwamvita aliinamisha uso. Furaha aliisikia, lakini aibu ilikuwa bado imeketi pembeni yake, na hakuifukuza.

"Mwamvita," Mama Lulu alisema, "nitazame. Siku ile mstarini hukuwa mtoto mbaya. Ulikuwa na nia nzuri na mie niliiamini. Lakini nia yako haikusugua hata inchi moja ya mbao hii. Nusu saa zako ndizo zilizosugua, zile ambazo hakuna mtu aliyekupigia makofi. Mie nauza chai pale mwaka wa tisa. Unadhani mafundi wanakuja kwa sababu ya sura yangu? Saa kumi na mbili asubuhi chai ipo, kila siku, hata nikiwa na homa. Biashara yangu yote ni hiyo. Sina siri nyingine. Ukitaka kumfaa mtu, au kujifaa mwenyewe, chagua kidogo unachokiweza leo, ukifanye, na kesho urudi. Maneno makubwa tuachie sie wazazi, tunayo mengi, na shule hii ndiyo hiyo unayoiona."

Mwalimu Anna alitazama sakafuni. Fundi Badru, aliyekuwa mlangoni, alitazama mikono yake.

Lulu alifanya mtihani akiwa amekaa, mguu umenyooka. Na kila Jumamosi, bila tangazo wala picha, dawati moja bovu lilivuka kutoka nyuma ya vyoo kwenda karakana ya Badru, na moja zima likarudi. Wiki ya tatu Deogratias naye alichukua moja. Mikono mingine ishirini na tisa bado inadaiwa, na majina yao yanajulikana.

Sasa ni zamu yako. Usinyooshe mkono mstarini. Usichore. Usimwambie mtu kwamba kesho utafanya mara mbili. Yupo mmoja nyuma ya darasa lako, na unajua anakalia nini. Funga kitabu, nenda ukamuulize anahitaji nini, ufanye nusu saa ya kwanza leo hii, kabla jua halijazama. Kesho, saa ile ile, rudi.